SOMO LA REDIO: KUPUNGUZA UGALI PASIPO KULALA NA NJAA

Natumaini mmekwisha kaa, taa iko karibu, na daftari zimefunguliwa. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: WANGA, KITOWEO, KUNDE, SINIA. Wanafunzi wayasome pamoja mara mbili, kisha wayanakili. Leo tutayatumia maneno hayo, tena tutapiga hesabu moja ya sukari.

Kujifunza habari za chakula kwa redio si jambo jipya katika nchi yetu. Mwaka 1975 watu wengi wa Tanzania walikaa katika vikundi, kama mnavyokaa ninyi sasa, wakasikiliza masomo yaliyoitwa Chakula ni Uhai. Labda wako wazee humo darasani waliokuwamo. Siku zile shida iliyosemwa sana ilikuwa upungufu: mtoto aliyedhoofika, mama aliyepungukiwa damu. Shida hiyo haijaisha. Lakini imekuja nyingine, nayo yaweza kukaa katika nyumba ile ile moja. Mtoto ana upungufu, na bibi yake ana kisukari.

Madaktari walipima watu katika vijiji sita vya Tanzania, na habari zao zikachapishwa mwaka 1989. Waliokuwa na kisukari hawakufika mtu mmoja katika kila watu 100. Mwaka 2012 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima, wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Safari hii walionekana watu 9 hivi katika kila 100. Vipimo havikuwa vya namna moja, kwa hiyo hatuwezi kusema ugonjwa umeongezeka mara kenda kamili. Hata hivyo kila mmoja wenu anaweza kuhesabu jamaa na jirani zake wanaokwenda kliniki ya sukari, akaona mwenyewe.

Basi tumfikirie mama mmoja. Simtaji jina, maana wako wengi. Amepimwa, ameambiwa: "Mama, punguza wanga." Anarudi kwake, tuseme ni kijiji cha upande wa Mkata, au cha chini ya milima huko Mombo. Anafungua stoo. Ndani mna gunia la mahindi na muhogo mkavu. Nyama hununuliwa sikukuu. Watu wa nyumba ni sita, na chungu ni kimoja. Atafanya nini? Akiacha ugali, atakula nini? Hilo ndilo swali la leo, na si swali dogo. Wengine wameshindwa kulijibu, wakaendelea kula kama zamani mpaka miguu ikafa ganzi na macho yakaingia kiza.

Wanga ni nini? Ni kile kitu kilichojaa katika mahindi, muhogo, mchele, ndizi mbichi, viazi na unga wa ngano. Tukila, hugeuka kuwa sukari tumboni, nayo sukari huingia katika damu na kutupa nguvu za kazi. Mwenye kisukari, sukari hiyo humzidi katika damu, wala mwili wake hauwezi kuitumia vizuri. Wanga si sumu. Mkata mkonge anayeinama tangu alfajiri anauhitaji sana. Karani anayekaa kitini anauhitaji kidogo. Ubaya ni kwamba wote wawili huletewa mlima mmoja wa ugali.

Kuna sababu. Ugali ndio chakula kinachojaza tumbo kwa fedha chache, na zamani katika mashamba ya mkonge wafanyakazi waligawiwa unga wa mahindi kuwa posho yao. Watu walizoea. Tena iko sababu iliyo katika maneno yetu wenyewe. Sikilizeni tunavyosema. Ugali tunauita chakula. Maharage, samaki na mchicha tunaviita kitoweo, au mboga. Mtu aliyekula bakuli zima la kunde bila ugali atakuambia, "Leo sijala." Akila ugali mwingi na mchuzi wa chumvi, atasema ameshiba vizuri. Maana yake, kwa fikira zetu, kitoweo ni mtumishi wa kuutelemsha ugali kooni. Ninawaomba leo mgeuze jambo hilo. Kunde na mboga ziwe ndizo chakula, na ugali uwe wa kuzisindikiza.

Mwalimu, simamisha kidogo hapa. Waulize wanafunzi: jana usiku, kitoweo kilikuwa nini, na kilitosha sehemu gani ya sahani? Wajibu wawili au watatu.

Sasa tuingie katika fedha. Mtu maskini akiambiwa abadili chakula, jambo la kwanza aogopalo ni bei. Kwa hiyo tusianze na kununua. Tuanze na kile ambacho tukikiacha, fedha hubaki mfukoni. Hicho ni sukari.

Andikeni hesabu hii. Nyumba ina watu 6. Kila mtu hunywa vikombe 2 vya chai kwa siku. Kila kikombe hutiwa vijiko 3 vya sukari. Zidisheni: 6 mara 2 ni 12, na 12 mara 3 ni 36. Vijiko 36 kila siku. Kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana kina gramu 4 hivi. Basi 36 mara 4 ni 144. Kwa siku 7 ni gramu 1,008. Mmeona? Ni kilo moja ya sukari kila wiki, na kidogo zaidi.

Sasa tieni kijiko 1 badala ya 3. Vijiko 12 kwa siku, gramu 48. Kwa wiki gramu 336. Kilo ile ile iliyokwisha kwa wiki moja sasa itakaa karibu wiki tatu. Kila wiki mmeokoa thuluthi mbili za bei ya kilo. Bei yenyewe siitaji, kwa kuwa hupanda na kushuka. Mtaiandika ninyi kama mlivyoikuta dukani kwenu. Na huyo mama mgonjwa, chai yake aizoeze kukosa sukari kabisa. Siku kumi za kwanza ni chungu, baadaye ulimi huzoea. Tangawizi au mchaichai husaidia sana.

Soda ni hivyo hivyo. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vinane au kenda vya chai. Hakuna mtu anayetia vijiko kenda katika kikombe kimoja mbele ya watu, lakini ndani ya chupa havionekani. Chungwa, ambalo kwetu halina thamani kubwa msimuni, afadhali lilwe lenyewe na nyama yake kuliko kukamuliwa maji na kunywewa machungwa manne kwa mkupuo.

Fedha zilizookolewa ziende wapi? Ziende kwenye kunde, choroko, mbaazi au maharage, vyovyote vilivyo rahisi siku hiyo. Tazameni tofauti. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga gramu 75 hivi, na chakula cha kujenga mwili gramu 8. Unga wa muhogo una wanga zaidi ya gramu 80, na cha kujenga mwili gramu 2 au pungufu. Kunde kavu zina cha kujenga mwili kama gramu 23. Sitawadanganya: kunde nazo zina wanga. Lakini wanga wake huingia katika damu polepole, kwa kuwa una nyuzinyuzi nyingi, na tumbo hukaa limeshiba muda mrefu. Kilo moja ya kunde kavu ikichemshwa huzidi kilo mbili. Nyumba yetu ya watu sita itaila kwa milo mitatu.

Mbaazi na kunde hustahimili ukame kuliko mahindi, na hilo watu wa Handeni wanalijua bila kufundishwa na redio. Mwaka 2017 India ilipoweka mpaka katika kununua mbaazi kutoka nje, bei ilianguka vibaya katika nchi yetu, na wakulima waliumia. Ndipo wengi walipotambua kwamba walikuwa wakilima chakula bora, wakakiuza chote, kisha wakala ugali na chumvi. Mwenye shamba aweke debe moja la nyumbani kabla ya kumwita mnunuzi.

Makande ni njia nyepesi kuliko zote. Kwenu mnayapika siku zote, sina haja ya kuwafundisha. Nasema juu ya kipimo tu. Wengi hutia vibaba vitatu vya mahindi na kimoja cha maharage. Tieni viwili kwa viwili. Chungu ni kile kile, kuni ni zile zile, na hakuna mtu mezani atakayesema amenyimwa chakula. Lowekeni tangu jana yake, mwage maji, ndipo kuni zitapungua.

Kuhusu dagaa: dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni chakula cha kujenga mwili. Fungu dogo lililotwangwa na kutiwa katika mboga linafanya kazi kubwa. Na mboga zenyewe, nyingi hazinunuliwi. Mchunga, mnavu, mlenda, majani ya kunde, majani ya maboga, vyote viko shambani na kando ya njia wakati wa mvua. Huko Lushoto, jirani zetu wa milimani, wachunguzi waliandika tangu miaka ya 1970 jinsi Wasambaa wanavyotegemea majani ya porini kwa kitoweo chao. Siku hizi vijana wengine huona haya kuchuma mchunga, husema ni mboga ya shida. Haya hiyo ina gharama. Ila mchunga ni chakula, si dawa; mgonjwa asiache vidonge vyake kwa sababu ya uchungu wa mboga. Kisamvu kitwangwe vizuri na kuchemshwa sana, maana kina sumu kikiwa kibichi. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zitupwe: mwaka 2016 sumu kuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

Hapa niseme jambo moja ambalo huwapotosha wengi. Wako watu wanaomwambia mgonjwa, "Acha sembe, kula ugali wa mtama, au wa muhogo, au dona, hutaona ugonjwa tena." Hununua unga wa pekee kwa bei ghali, kisha hula mlima ule ule. Dona ni bora kuliko sembe, kwa kuwa ganda na kiini havikutupwa, tena hulipi fedha ya kukoboa. Lakini wanga wa dona unakaribia kulingana na wa sembe. Muhogo ndio unaozidi. Kilicho cha kupunguzwa ni ukubwa wa tonge, rangi ya unga haitoshi.

Sasa sinia. Mgonjwa aliye peke yake na sahani yake ana kazi rahisi. Nusu ya sahani ajaze mboga za majani. Robo aweke kunde au dagaa. Robo iliyobaki aweke ugali, kadiri ya ngumi yake. Lakini kwetu watu hula pamoja, mikono sita katika sinia moja. Nani atapima? Na mama ndiye anayepakua. Akijitengea sahani yake, wifi atasema anajitenga, au ana kitu amekificha. Kwa hiyo jambo hili lisemwe wazi nyumbani, na mume alisikie kwa masikio yake. Yafaa akaenda naye kliniki mara moja. Kama kula pamoja hakuepukiki, mama aanze kula mboga na kunde peke yake, polepole, na ugali aufikie mwishoni. Imeonekana kwamba wenye kisukari wakila kwa utaratibu huo, sukari haipandi kwa haraka. Wala hakuna atakayemwuliza.

Sikilizeni sana maneno haya. Anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kisukari asipunguze ugali kwa ghafula kabla ya kumwambia mganga wake, kwa sababu sukari yaweza kushuka mno, akatetemeka, akatoka jasho, akaanguka. Mama mjamzito na anayenyonyesha wasijinyime chakula. Mtoto mdogo asipunguziwe kabisa; uji wake uongezwe unga wa karanga nzuri au wa kunde. Na ikiwa ni mwaka wa njaa na kilichopo ni mahindi tu, liwe lililopo.

Mwalimu, andika maswali haya matatu, wanafunzi wayajibu kabla ya Jumatano.

1. Nyumbani kwako mko watu wangapi, na mnatumia vijiko vingapi vya sukari kwa siku? Kilo moja inakaa siku ngapi?

2. Uliza sokoni bei ya kilo ya sukari, ya kunde, na ya maharage. Iandike kwa tarakimu na kwa maneno.

3. Taja mboga tano za majani zinazochumwa kijijini kwako bila fedha, na miezi zinapopatikana.

Wiki ijayo tutasoma majibu ya madarasa mawili, moja la Handeni na moja la Korogwe. Kwa herini, ndugu wanafunzi.