Mazuku: elimu ya wataalamu ifike kwenye kila mlango

(Mazungumzo na viongozi wa familia za wakimbizi wa ndani na familia zinazowapokea, karibu na Goma)



Leo nataka tuzungumze juu ya sayansi. Labda mtu atauliza: sayansi inamhusu nini mama aliyekimbia vita na mtoto mgongoni? Inamhusu sana. Mtu anaweza kuokoka kwa risasi, kisha akafa kwa hewa ya mahali alipolala.

Magharibi ya Goma, kuelekea Sake na kandokando ya Ziwa Kivu, kuna mazuku. Wataalamu wa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma (OVG) na wa vyuo vikuu wameipima hewa hiyo. Ni gesi ya kaboni inayotoka chini ya ardhi. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajaa kwenye mashimo, mabonde madogo na nyufa za mawe ya volkano. Inazidi usiku na asubuhi mapema, wakati upepo umetulia. Mtoto mdogo na mtu aliyelala chini hufikiwa kwanza.

Neno mazuku halikutoka maabara. Ni la wenyeji. Wataalamu walilisikia kwao, na leo wanaliandika hivyo hivyo katika Kifaransa na Kiingereza. Basi mkulima wa hapa na mwalimu wa chuo kikuu kila mmoja ana kitu cha kumfundisha mwenzake.

Lakini mtu wa Masisi ao Rutshuru atajuaje shimo la Bulengo? Kambi za Bulengo na Lac Vert, zilizovunjwa mwezi wa pili 2025, zilikuwa upande huo wa mazuku. Mgeni hupewa mahali palipobaki wazi, na pengine palibaki wazi kwa sababu. Mtu akikutwa amekufa bila kidonda, maneno yanaanza: nani amemroga? Nani amemtilia sumu? Hapo mwenyeji na mgeni wanaanza kuogopana. Elimu inaokoa uhai, na inaokoa ujirani pia.

Kwa wazazi: msilale wala kujenga ndani ya shimo. Mkiona ndege, wadudu ao wanyama wamekufa mahali pamoja, ondoeni watoto. Taa ikizimika yenyewe, tokeni haraka. Lakini taa ikiwaka, isiwe sababu ya kuamini kwamba hakuna hatari. Mtu akianguka shimoni, msishuke kumfuata, maana wengi hufa hivyo. Iteni watu, na mmvute kwa kamba ao mti mrefu mkiwa juu.

Kwa viongozi: familia mpya ikifika, siku ile ile mtafute mwenyeji mzee atembee nao na kuwaonyesha mahali pabaya. Chorea alama ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa.

Kwa wataalamu wetu: tunawashukuru, na tunawaomba. Mkimaliza kupima, rudini mtuambie mlichokuta, kwa Kiswahili, kanisani, msikitini, sokoni na redioni. Tarehe 27/5/2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, watu wa kartye 10 kati ya 18 za Goma waliamriwa kuondoka. Siku kama ile hakuna mwenye nafasi ya kujifunza maneno mageni. Watu wafundishwe siku za utulivu, na vijana wa kila kartye wafundishwe kuangalia na kutoa habari.

Ndugu zangu, mwenyeji anayemwonyesha mgeni shimo la mazuku amefanya kazi ya amani. Kabla hatujaachana, kila kamati ichague watu wawili, mmoja mwenyeji na mmoja mkimbizi, watakaozunguka pamoja wiki hii.