Kitabu cha Wazee na Vijana



Nimetakiwa nieleze jinsi tunavyochagua vitabu vya mazungumzo yetu ya maktabani hapa Minneapolis. Sitarefusha, maana pilau imekwisha kunukia.

Tulianza vibaya. Tulichagua vitabu vya Kiingereza, wazee wakakaa kimya kama wageni. Tukageukia Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980. Mara hiyo wakanyamaza vijana waliozaliwa huku kwenye theluji. Mama mdogo aliniuliza njiani: “Mwanangu, mmenialika nije kuwatazama mkisoma?” Neno hilo lilinichoma.

Ndipo tulipoiteua Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Nobel mwaka 2021. Ilitoka mwaka 1994. Mwaka 2022 ikatoka kwa Kiswahili, Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Vijana wakasoma ile, wazee hii. Humo mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake. Kijana mmoja akauliza kwa nini asitoroke. Mama mdogo akafunga kitabu, akatusimulia habari za kaka yake aliyewekwa dukani kwa tajiri mpaka deni la babu lilipolipwa. Hata mimi sikuwahi kuzisikia. Maktaba ilikuwa inataka kufungwa, wala hakuna aliyenyanyuka.

Basi naomba kila nyumba ilete jina la kitabu kimoja kinachopatikana kwa lugha zote mbili. Ni vichache, najua. Mama mdogo amekwisha kuniuliza kinachofuata ni kipi, nami bado sijamjibu.