Hotuba ya bungeni iko deni: tufungue daftari ya Sama Lukonde

 

Leo sikuja kuongea yulu ya chama. Nimekuja kuongea yulu ya kitu tunachokiacha kipite kila mwaka: maneno ambayo kiongozi anasema akiwa amesimama bungeni kule Kinshasa.

Maneno ya kampeni tunayajua. Muziki, tishati, bia, ahadi, kisha gari zinaondoka na tunabaki na vumbi. Maneno ya bungeni ni kitu kingine. Yanasemwa mbele ya wawakilishi wa nchi nzima, yanaandikwa, na mara nyingi yanapigiwa kura. Mtu anapewa serikali kwa sababu ya yale aliyosema siku ile. Njo maana ninasema hotuba ya bungeni iko deni. Na deni bila daftari linapotea. Muulizeni mama yeyote anayeuza samaki kwa mkopo ku soko.

Kwa mfano nimemchagua Jean-Michel Sama Lukonde. Simchagui kwa kuwa yeye ni mbaya kuliko wengine, wala kwa kuwa yeye ni mzuri kuliko wengine. Ninamchagua kwa sababu Likasi ndiyo iliyompeleka Kinshasa, na kwa sababu amekalia viti vyote: cha kuuliza, cha kujibu, na sasa cha kugawa neno.

Kiti cha kwanza ni cha mdepite. Mwaka 2006 Likasi ilimchagua kuwa mdepite wa taifa. Hakuwa bado na miaka 30, karibu umri wa wengi waliokaa hapa. Ukiondoa kupiga kura yulu ya sheria, kazi kubwa ya mdepite ni kuuliza. Katiba, kifungu cha 138, inampa njia: ulizo la mdomo ao la maandiko, ulizo la mambo ya siku, kumwita waziri ajieleze mbele ya wote, tume ya uchunguzi, na kuwasikiliza viongozi ndani ya komisyo. Basi ukurasa wa kwanza wa daftari yetu uko na maulizo mepesi. Katika miaka ile, alisimama siku gani? Alimuuliza waziri gani? Yulu ya nini? Na jibu lilikuwa nini?

Kiti cha pili ni cha serikali. Desemba 2014 alikuwa waziri wa Vijana na Michezo, akatoka Septemba 2015. Baadaye akapewa uongozi ku Gécamines. Februari 2021 Rais Tshisekedi akamtaja kuwa waziri wa kwanza. Hapo mambo yanageuka: aliyekuwa anauliza, sasa yeye njo anaulizwa.

Tarehe 26 Aprili 2021 alisimama mbele ya Bunge la Taifa na programu ya serikali yake, sawa vile katiba inaomba. Bila hotuba ile, hakuna serikali. Wadepite 412 walipiga kura, na 410 wakasema ndiyo. Bandugu, 410! Ni karibu wote. Kwa hiyo deni la hotuba ile si la mtu mmoja. Ni lake, na ni la wale 410 waliosema tumekubali.

Sasa tukumbuke kilichotokea miezi mitatu mbele. Tarehe 27 Januari 2021, Bunge lile lile liliiangusha serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba, mwana Katanga naye, kwa kura 367. Bunge lile lile liliipokea programu yake Septemba 2019 kwa makofi. Ni nini kilibadilika? Upepo wa Kinshasa uligeuka: muungano wa FCC na CACH ulivunjika, Union sacrée ikazaliwa, wadepite wakahama. Sisemi kwamba serikali ile ingepaswa kubaki. Ninasema kura inapofuata upepo, hakuna anayefungua ukurasa wa Septemba 2019 na kusoma: ulisema hiki, ulifanya hiki, hiki hukufanya. Serikali inaanguka, na ahadi zake zinazikwa pamoja nayo. Anakuja mwingine na ukurasa mweupe. Sisi huku tunabaki na barabara ile ile.

Kiti cha tatu ni cha sasa. Februari 2024 aliacha kazi ya waziri wa kwanza, na tarehe 12 Agosti 2024 akachaguliwa kuwa Rais wa Senati. Rais wa Senati anatoa hotuba za kufungua sesio na za kuifunga, Machi na Juni, Septemba na Desemba. Lakini nguvu yake kubwa si hotuba. Ni kalenda ya kazi: jambo gani linaingia mbele ya masenata, na lipi linangojea. Na katiba inasema wazi kwamba senata anawakilisha jimbo lake. Haut-Katanga iko na masenata wanne. Sisi Kapolowe tuko ndani ya Haut-Katanga. Kwa hiyo mtu asituambie: «Alishaacha serikali, muende kwa Mama Suminwa.» Kwa Mama Suminwa tutaenda pia, kwa sababu serikali inaendelea hata watu wakibadilika. Lakini aliyetoa neno bado yuko ndani ya Palais du Peuple, na mlango tunaujua.

Sasa mtaniuliza: Kapolowe inaingia wapi katika hotuba za Kinshasa? Inaingia mahali pengi. Nitataja manne.

La kwanza, teritware 145. Serikali ya Sama Lukonde njo ilianzisha mpango wa maendeleo wa teritware 145, wa dola zaidi ya bilioni 1.6: mashule, vituo vya afya, nyumba za utawala, barabara. Kambove ni moja ya zile 145. Tuandike: Kambove iliwekewa nini ndani ya mpango? Ni kipi kimejengwa upande wa Kapolowe, kipi kimesimama ku msingi, kipi hakijaanza?

La pili, umeme. Ziwa letu la Tshangalele lilitoka kwa barrage ya Mwadingusha, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Mitambo ya Mwadingusha ilitengenezwa upya na kufikia megawati 78 mwaka 2021, mwaka ule ule alioingia kuwa waziri wa kwanza, na umeme ule unasaidia migodi upande wa Kolwezi. Tuandike: bungeni, serikali ilisema nini yulu ya umeme wa watu wanaoishi kando ya maji yale, wanaopika kwa makala?

La tatu, maji na samaki. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wako na kobalti mingi sana ndani ya mkojo. Baadaye samaki wa Tshangalele pia walipimwa, na metali zikaonekana ndani yao. Haya hayakusemwa na wapinzani wa serikali, yalisemwa na wanasayansi. Tuandike: tangu 2009, ni mdepite gani ao senata gani wa huku alisimama na karatasi ile mkononi? Na waziri alijibu nini?

La nne, pesa ya migodi. Kodi ya mine iliyoandikwa ndani ya sheria ya mwaka 2018 inagawanywa: asilimia 50 kwa Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, shefferie ao komini mahali mgodi uko, na 10 kwa fungu la vizazi vinavyokuja. Kila Septemba serikali inapeleka bajeti bungeni. Na kila mwaka Korti ya Hesabu inapaswa kuleta mbele ya Bunge hesabu ya pesa iliyotumika. Ukiweka hotuba ya bajeti upande huu, na hesabu ya matumizi upande huu, unaona kama neno lilitembea ao lilibaki limekaa.

Bandugu, sijaja hapa kuwaambia kwamba amedanganya. Hilo siwezi kulisema kabla hatujafungua maandiko. Pengine tutakuta mahali alisimama vizuri, na tutaandika hivyo. Daftari ya kweli inaandika deni lililolipwa pia. Mama wa samaki hafuti jina lako kwa chuki, anafuta ulicholipa.

Lakini kuna vizuizi viwili.

Kizuizi cha kwanza ni kupata maandiko. Katiba inasema vikao vya Bunge na vya Senati viko wazi kwa wote, isipokuwa wakifunga milango kwa sababu maalumu, na inasema muhtasari wa mazungumzo uchapishwe ndani ya annales za Bunge. Ni nani hapa aliwahi kushika annales zile mkononi, Likasi ao Kapolowe? Inua mkono. Ninaona. Basi haki iko ndani ya katiba, kitabu hakijafika.

Kizuizi cha pili ni luga. Katiba inataja Kiswahili kati ya luga nne za taifa, lakini hotuba ya programu inasomwa kwa Kifaransa, na bajeti iko kwa Kifaransa cha wahasibu. Mzee mvuvi wa Tshangalele anasikia jina la Lufira kwa radio, kisha maneno yanampita juu ya kichwa. Hapa sisi wenye diploma bila kazi tuko na la kufanya. Licence yangu haijanipa mshahara, lakini ilinipa Kifaransa cha kusoma bajeti. Wewe uliyesoma droit, wewe wa uchumi, wewe wa pedagojia: kukaa ku kibaraza na kusema «aba bakubwa banasemaka tu» hakuhitaji diploma. Kugeuza kurasa kumi za hotuba kuwa Kiswahili ambacho mama yako atasikia, hapo diploma inaonekana.

Na tufanye kwa akili. Mdepite ao senata hawezi kushitakiwa kwa maoni aliyotoa akifanya kazi yake bungeni, katiba inamlinda. Wewe ukituma uongo kwa WhatsApp, haulindwi, na sheria ya mambo ya dijitali ya 2023 iko. Kwa hiyo hakuna matusi, hakuna kusikia-sikia, hakuna picha za kutengeneza. Tarehe, kiti alichokalia, maneno yenyewe, mahali yalipochapishwa. Neno lenye tarehe yake ni gumu kulikanusha.

Hizi njo kazi tunazogawana leo, kabla hatujatoka. Watano wachukue hotuba ya 26 Aprili 2021 na waitoe kwa Kiswahili, kila mmoja sehemu yake. Watano wazunguke Kapolowe, Gare hadi Mission, waandike kazi za mpango wa 145 zilizofanywa na zisizofanywa, pamoja na picha na siku ya picha. Wengine watayarishe barua ya pamoja kwa masenata wanne wa Haut-Katanga na kwa Rais wa Senati mwenyewe, tukiomba annales zifike ku maktaba ya Likasi, na tukiomba yale maulizo manne yaingie ndani ya kikao. Kifungu cha 27 cha katiba kinasema mamlaka lazima ijibu barua kama ile ndani ya miezi mitatu. Siku tutakayoituma, tutaandika tarehe ku ukurasa wa kwanza wa daftari, na tutaanza kuhesabu.

Kalamu ziko hapa mbele. Anayetaka kushika hotuba aje upande huu, anayetaka kuzunguka aende upande ule.