Safari yetu ya korongo la Hell's Gate

Akina mama na ndugu zangu wa kikundi, Jumamosi tutateremka korongo la Hell's Gate, Naivasha, ikiwa askari wa mbuga watatufungulia. Mawe yana utelezi, mtatumia mikono na miguu, kwa hivyo slipasi ziacheni nyumbani, vaeni raba. Maji mengine yanayotoka ukutani ni moto, jamani, yanaunguza!

Lakini ninaloliogopa hasa ni mvua. Yaweza kunyesha mbali huko juu, nanyi mnaona jua tu, kisha mafuriko yawafikie mahali pembamba pasipo pa kukimbilia. Septemba 2019 watu 7 walikufa humo, mwelekezi wao akiwemo. Basi mwelekezi akisema "tokeni", hatungoji kupiga picha. Na wakifunga korongo, tusiwabembeleze eti tumeshalipa nauli.