Mwenye Grisi Alijua: Hotuba kwa Wanajumuiya na Majirani Siku ya Maadhimisho ya Hekalu



Tumeombwa tuseme machache juu ya kuwashirikisha wafanyakazi katika kustawisha biashara. Tumeona afadhali tuanze na aibu yetu wenyewe, kwa maana anayewashauri wenziwe huku akificha kovu lake hasadikiki.

Msimu mmoja wa pamba, kiwanda chetu cha kuchambua pamba kilishika moto. Beringi ya mashine moja ilipata joto hadi ikatoa cheche, na pamba nyuzi, kama mjuavyo, haihitaji kubembelezwa ili iwake. Walioukabili moto ule kwa ndoo na mchanga ni wafanyakazi wetu pamoja na majirani, wengine wao wakiwamo humu ukumbini. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Tulipochunguza chanzo, tuligundua kwamba kijana wa kupaka grisi alikuwa ameisikia beringi ile ikilia kwa siku tatu. Tukamuuliza kwa ukali, "Mbona hukusema?" Akajibu kwa upole, "Mwaka jana nilisema, bosi. Niliambiwa kazi yangu ni grisi."

Ndugu zetu, jibu lile lilituchoma kuliko moto wenyewe. Tulikuwa tumemlipa mtu kwa mikono yake, tukayakataa masikio yake yaliyokuja bure.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata, Mwongozo wa TANU ulikemea viongozi wenye kiburi na dharau kwa walio chini yao, na katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma, mara nyingi wakilalamikia kudharauliwa zaidi ya ujira. Wafanyabiashara wa asili yetu tulizoea kuyasimulia mambo ya miaka ile kama dhoruba iliyotupata bila sababu. Leo, mbele ya majirani zetu, tukiri kwamba baadhi ya upepo ule tuliupuliza wenyewe madukani na viwandani mwetu.

Basi tulifanya nini baada ya moto? Tuliweka dakika kumi kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, tukae pamoja chini ya mwarobaini. Wiki za kwanza hakuna aliyefungua kinywa. Walipoanza kusema, hawakuzungumzia mashine hata kidogo. Walitaka maji safi ya kunywa, vitambaa vya kuzuia vumbi puani, na mshahara usiopitiliza tarehe. Tulidhani wametoka nje ya mada, kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa mada. Asiyekuamini kwa maji ya kunywa hawezi kukuamini kwa wazo lake. Tulipotimiza hayo matatu, ndipo habari za beringi, mikanda na pamba yenye unyevu zikaanza kuja, na kila moja tukaiandika daftarini pamoja na jina la mwenye wazo na jibu letu. Tulipokataa, tulieleza sababu. Na mwenye grisi akapewa ruhusa ya kusimamisha mashine bila kumwuliza mtu.

Ruhusa hiyo hatukuibuni sisi. Katika viwanda vya magari vya Toyota kule Japani, mfanyakazi akiona kasoro huvuta kamba, na kazi ikalazimika husimama hadi kasoro itengenezwe. Mafunzo ya huko, yaitwayo Kaizen, yameletwa pia Tanzania: hospitali zetu hufundishwa kusasambua, kuseti, kusafisha, kusanifisha na kushikilia. Lakini maneno hayo yakibandikwa ukutani wakati mhudumu haulizwi lolote, ni mapambo tu.

Hata hivyo, si lazima tusafiri hadi Japani. Wasukuma, wenyeji wetu, wamelima kwa vikundi tangu zamani, ngoma ikilia na majembe yakirushwa kwa mdundo mmoja; mkulima katika kikundi kile hujiona mwenye shamba. Na huko Geita, katika maduara ya wachimbaji wadogo, wanaapolo hugawana mifuko ya mawe pamoja na mwenye duara. Ndiyo sababu kila mmoja huyatazama mawe kwa jicho la mwenye mali. Lakini tusiupambe utaratibu huo kupita kiasi: duara lisipotoa dhahabu, mchimbaji aliyehatarisha maisha yake hurudi mikono mitupu. Hivyo anayeshirikishwa faida anastahili pia kukingwa na hasara asiyoweza kuibeba. Kwanza ujira wa uhakika, kisha fungu la ziada.

Hapo ndipo penye ugumu. Wengi wetu tu tayari kupokea mawazo, lakini ni wachache walio tayari kugawa matunda yake. Wazo la kibarua likiokoa magunia, halafu yeye akapigiwa makofi na sisi tukaongeza gari, tumemchukulia kitu cha pili juu ya jasho lake. Sisi tuliamua kutenga sehemu ya kile kinachookolewa kila msimu na kuigawa mbele ya watu wote, hesabu zikiwa wazi. Siku ya kwanza kuzifungua hesabu zile mikono ilitutetemeka. Wala hakuna aliyetudai zaidi ya haki.

Bhagavad Gita hutufundisha kutimiza wajibu bila kung'ang'ania matunda. Tahadhari, ndugu zetu: fundisho hilo tujihubirie sisi tulioshika funguo za sanduku. Tukimhubiria kibarua anayesubiri mshahara wa mwezi uliopita, tumeligeuza neno takatifu kuwa kufuli. Humu hekaluni tunafanya seva. Tunapanga viatu vya wageni na kugawa chakula bila kuulizana cheo. Itakuwa ajabu tukiinama hapa Jumapili, kisha Jumatatu tukashindwa kumwitikia salamu anayetufungulia lango.

Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Tunawaomba kila mwenye duka, mashine au karakana, kesho asubuhi amwulize mfanyakazi wake wa cheo cha chini swali moja: "Unaona nini ambacho mimi sikioni?" Kisha anyamaze, asikilize.

Yule mwenye grisi ndiye leo msimamizi wa mashine zetu. Amekaa pale mstari wa pili pamoja na familia yake. Tunamshukuru.