Safari ya Watoto Isiyo na Deni Wala Uongo

(Mazungumzo na familia za Waswahili waishio Marekani)



Kila likizo za shule zinapokaribia, tumekuwa tukiulizwa swali moja: je, inawezekana kuwapeleka watoto wadogo kwenye bustani za michezo za Disney, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida, bila ya kuiumiza nyumba? Jawabu letu ni kwamba inawezekana, kwa sharti kuwa unafuu utafutwe katika mpango, wala usitafutwe katika deni au katika uongo.

Si vibaya mzazi kumfurahisha mwanawe. Ubaya huingia pale furaha ya siku mbili inapolipiwa kwa kadi ya mkopo, kisha familia ikabaki mwaka mzima inalipa riba, na baba na mama wakilaumiana kwa safari ambayo mtoto ameshaanza kuisahau. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tuanze na daftari.

Kwanza, kiwango kitangulie tiketi. Nyumba inayoweza kuweka kando dola 150 kila mwezi itakuwa na dola 1,800 baada ya miezi 12, na hicho ndicho kipimo cha safari yao. Fedha hizo zigawiwe mafungu: usafiri, malazi, viingilio, chakula na dharura. Zisipotosha, zipunguzwe siku, usiongezwe mkopo. Wala mtoto asiahidiwe kabla ya hesabu kukamilika, kwani ahadi ni deni, hata kwa mtoto.

Pili, tujue tunanunua nini. Walt Disney World ilifunguliwa mwaka 1971, na leo ina bustani kuu 4, kila moja na kiingilio chake. Mtoto aliye chini ya miaka 3 huingia bure. Wa miaka 3 hadi 9 hulipiwa tiketi ya mtoto, ambayo hupungua kidogo tu kuliko ya mtu mzima, na kuanzia miaka 10 hulipiwa kama mtu mzima. Kwa wenye watoto wadogo, bustani moja iitwayo Magic Kingdom yatosha, kwa kuwa humo imo michezo mingi isiyo na sharti la kimo. Michezo ya kasi ina masharti. Ule uitwao Space Mountain haumpokei mtoto asiyefika sentimita 112. Kumzungusha mtoto wa miaka 4 katika bustani zote 4 ni kulipia mengi ambayo hataruhusiwa kuyapanda.

Tatu, tuchague wakati. Bei ya kiingilio hubadilika kwa tarehe. Siku za kufunga mwaka ni ghali, na foleni zake ni ndefu. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Septemba, shule zikishafunguliwa, bei hushuka, na mwenye watoto ambao hawajaanza shule anaweza kuitumia fursa hiyo. Lakini ajue kwamba ni wakati wa joto kali na mvua za alasiri, na kwamba msimu wa vimbunga huanza Juni hadi Novemba. Basi asilipie malazi ambayo fedha zake hazirejeshwi.

Nne, tusilipie kilicho bure. Mgeni huruhusiwa kuingia na chakula chake, mradi hakuna pombe wala vyombo vya glasi. Na kwetu sisi hapo pana faida mbili, akiba ya fedha na uhakika wa halali. Maji ya kunywa hutolewa bure kwenye migahawa ya haraka kwa anayeomba. Kigari cha mtoto chaweza kutoka nyumbani, mradi upana wake usizidi sentimita 79 na urefu 132. Kila bustani ina mahali pa kunyonyeshea na kubadilishia watoto nepi. Na kwenye mchezo wenye sharti la kimo, mzazi mmoja hupanda, mwenzake akabaki na mtoto, kisha wakapokezana bila ya kupanga foleni upya.

Hata hivyo, tujihadhari na ushauri uliopitwa na wakati. Huduma ya kufupisha foleni, iliyokuwa bure tangu mwaka 1999, imekuwa ya kulipia tangu 2021. Basi la bure kutoka uwanja wa ndege hadi hoteli za Disney lilisitishwa mwanzoni mwa 2022. Anayepanga kwa habari za zamani hupungukiwa akiwa njiani.

Tano, maduka ya vinyago. Yapo kila pembe, na mtoto aliyechoka hulia mbele yake. Wengi wetu tuliolelewa Unguja na Mombasa twakumbuka pesa za sikukuu: mtoto alipewa zake mkononi, akaenda kwenye pembea, na zikiisha zimeisha. Mtoto na apewe kiasi chake asubuhi, achague mwenyewe.

Sita, rahisi yaweza kuwa ghali. Huko Orlando hutolewa tiketi za bei ya chini kwa sharti la kuhudhuria kikao cha kuuziwa hisa za nyumba za mapumziko. Anayetia saini kwa kuona haya hurudi na ada ya kila mwaka. Wengine huuza tiketi zilizobakia siku, jambo ambalo sheria ya Florida inalikataza.

La mwisho, na ndilo zito zaidi, ni umri wa mtoto. Wapo wanaomwambia mtoto wa miaka 4, "Ukiulizwa, sema una miwili." Tiketi moja imeokolewa. Lakini mtoto anaujua umri wake! Madrasa tunamfundisha kusema kweli, na langoni mzazi anamfundisha kwamba ukweli una bei, na bei yake ni tiketi moja. Yale mapembea atayasahau. Somo hilo huenda akakua nalo, na siku moja akalitumia kwetu sisi wenyewe.

Ndugu zetu, asiyeweza safari hii mwaka huu hajapungukiwa na kitu. Mtoto mdogo hutosheka na pembea za bustani ya mtaani, maji ya kuchezea, na baba aliyeiweka simu mfukoni. Na anayeweza, aende kwa daftari lake, arudi bila ya deni, na mtoto aweze kusimulia kila kilichotokea, hata kile cha langoni.

Wabillahi tawfiq.