Bibi Titi Mohamed na Ufunguo wa Sanduku

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja katika sherehe ya chama chetu kutimiza miaka kumi, Buguruni)



Nimepewa dakika kumi nizungumzie habari za Bibi Titi Mohamed. Mnajua kwa nini. Baada ya chakula tutasomewa kile kifungu kipya cha katiba yetu, kinachosema mwanachama akigombea uongozi wa siasa, hata ujumbe wa mtaa, basi atoke katika chama. Wako wanaokitaka na wako wasiokitaka, na wiki nzima hapa Malapa na kwa Mnyamani hatusalimiani vizuri kwa ajili yake. Kwa hiyo nisikilizeni kwanza.

Bibi Titi alizaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule alisoma miaka minne tu. Akaozwa angali binti mdogo. Mjini walimjua kwa sauti, maana alikuwa mwimbaji wa ngoma ya Bomba.

Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Mgeni akauliza, je, wanawake wenu wako wapi? Wazee wetu hawakuwa na wa kumwonyesha! Wake zao walikuwa majumbani. Ndipo likatajwa jina la Bibi Titi, ambaye yeye na mumewe walikuwa wamekwisha chukua kadi.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana. Mwaka huo huo 1955 lilianzishwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL. Wanaume walikuwa na kazi za mshahara, kwa hiyo walikuwa na vyama vya wafanyakazi. Mwanamke wa mjini alikuwa na nini? Alipika vitumbua, alipika pombe, alipangisha chumba. Hakuna tajiri wa kumgomea. Lakini alikuwa na ngoma yake, na ngoma haikuwa kucheza tu. Ilikuwa na viongozi wake, michango yake, sare zake, na ukifiwa wanakuja. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilikuwa chama cha wafanyakazi cha mama zetu, ila hakuna aliyekiita hivyo.

Bibi Titi hakuanza kuzunguka na makaratasi. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma, na kiongozi akikubali, anakuja na watu wake wote. Yeye na wenzake, kama Bibi Tatu binti Mzee, walipita nyumba kwa nyumba. Ilipofika Oktoba 1955, Oscar Kambona aliandika barua kwenda London kwamba mama huyo amekwisha ingiza wanawake 5,000. Ilikuwa ni miezi mitatu tu tangu waanze! Sisi kwa miaka kumi tumefika wangapi? Haya, tuendelee.

Uhuru ukaja 1961. Mwaka 1962 ikaundwa UWT, yeye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Akawa mbunge na Waziri Mdogo. Mwaka 1965 akashindwa uchaguzi kule Rufiji. Halafu mwaka 1967 likatoka Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Akachagua nyumba, akaacha uongozi.

Najua mnavyosema. Mama mmoja aliniambia juzi, "Huyo naye alipenda mali." Mimi sikubali. Sisemi Azimio lilikuwa baya, maana lilitaka kuwazuia wakubwa wasile nchi, na wakubwa walaji walikuwapo. Lakini mwanamke wa darasa la nne, akishastaafu siasa, anakula nini? Hapa Buguruni nyumba ngapi za vyumba sita ni za wajane, na kodi ya vyumba ndiyo ada ya wajukuu? Nyumba kwa mwanamke ni pensheni. Na mwaka 1991, Azimio la Zanzibar lilipolegeza masharti yale, jambo lililomtoa yeye likawa ruhusa kwa viongozi wote.

Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi na waziri, na baadhi ya maofisa wa jeshi. Mwaka 1970 ikaanza kesi ya uhaini, ya kwanza nchini. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, 1972 akaachiwa. Marafiki wengi wa siasa walimkwepa. Mwaka 1991, miaka 30 ya Uhuru, magazeti ndipo yakamwandika tena kuwa ni shujaa. Alifariki Novemba 2000 huko Johannesburg. Leo mnapita barabara yenye jina lake mkienda Mnazi Mmoja.

Sasa turudi kwenye kifungu. Hofu ninaielewa: mgombea anakuja na khanga na sukari, kesho chama kimekuwa cha kwake. Kweli. Ila tukimfukuza kila mwenye ulimi wa kusema mbele za watu, tutabaki na nani wa kwenda kutusemea pale soko linapohamishwa? Sanduku letu lina funguo tatu. Mimi ninapendekeza mwanachama akichukua fomu ya kugombea, arudishe ufunguo kama anao, na asiguse daftari mpaka uchaguzi upite. Hisa zake ziachwe. Na mkutano wetu usitumike kumpigia kampeni, awe wa chama chochote.

Katibu ameshaandika pendekezo hilo chini ya lile la kwanza. Yatasomwa yote mawili, na kura itakuwa ya siri.